Tathmini: Duka la Samaki wa Mapambo la Mikunguni na Huduma Yake kwa Samaki Wagonjwa

Mfugaji wa samaki wa mapambo hapa Unguja hapati taabu kubwa siku hizi kumpata samaki wa kununua, wala tangi, wala pampu ya hewa. Taabu yake huanza pale samaki anapougua. Mwenye ng'ombe, mbuzi au kuku anayeumwa anajua pa kwenda, na dawa ataipata. Samaki wa dhahabu aliyelala ubavu chini ya tangi hana wa kumsimamia, na mara nyingi mwenyewe huishia kumuuliza jirani, ambaye naye humtajia dawa aliyoisikia kwa mtu mwingine. Kwa sababu hiyo nimeona ipo haja ya kuliandikia duka moja dogo lililoko Mikunguni, ambalo pamoja na kuuza samaki hupima maji ya wateja, humtazama samaki mgonjwa na kutoa ushauri. Duka halina kibao. Ukifika mtaani ukauliza duka la samaki wa urembo utaelekezwa. Tathmini hii inahusu huduma hiyo ya wagonjwa tu. Uzuri wa samaki wake na bei za matangi yake ni habari nyingine.

Niseme mapema nilivyoliona. Katika kuutambua ugonjwa, na hasa katika kuyasoma maji, sijaona duka lililolishinda hapa mjini. Katika dawa linazouza, lina kasoro ambayo mnunuzi lazima aijue. Na katika kuwapokea samaki wapya wanaoshushwa bandarini, linafanya jambo ambalo lenyewe linazalisha wagonjwa.

Mwenye duka ni mtu wa makamo ambaye wateja humwita Maalim, kwa kuwa aliwahi kusomesha sayansi skuli. Ana tabia moja ambayo wateja wenye haraka huichukia: hauzi dawa kabla ya kuyaona maji. Nilimshuhudia kijana mmoja akiingia na mfuko wa plastiki wenye samaki wawili.

"Shikamoo, Maalim. Nataka dawa ya madoa meupe."

"Marahaba, mwanangu. Maji yako wapi?"

"Si haya hapa, na samaki wamo humu humu."

"Hayo yamo mfukoni toka asubuhi, wameshayachafua. Niletee ya ndani ya tangi lenyewe, kwenye chupa safi, uijaze mpaka juu. Samaki waache, nitakutazamia."

Kijana alinuna, lakini alirudi na chupa, na ilipopimwa ikaonekana kwamba madoa yalikuwa nusu tu ya shida yake.

Kipimo kinachotumika hapo ni cha matone, si vile vijikaratasi vya kuchovya, nami naona Maalim amechagua vyema, kwa sababu vijikaratasi huharibika upesi katika hewa yenye unyevunyevu kama yetu, na mtu akishafungua kopo lake mara kadhaa hawezi tena kuyaamini majibu yake. Maji hutiwa katika vichupa vyembamba vya kioo, matone yakahesabiwa, kisha rangi ikalinganishwa na kadi mbele ya dirisha na si chini ya taa. Kwa amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, rangi ikibaki manjano maji ni salama, na ikielekea kijani kuna tatizo. Husubiriwa dakika 5 kamili, na Maalim hatoi jibu kabla ya hapo hata mteja akikohoa vipi. Kwa nitriti, buluu nyepesi ni salama na zambarau si salama. Chupa ya kupimia nitrati huitikisa kwa nguvu karibu nusu dakika kabla ya kuitumia, kwa kuwa dawa iliyomo hutuama chini, na asiyeitikisa hupata jibu la kumfurahisha ambalo si la kweli. Nimeona watu wenye kipimo hichohicho nyumbani ambao hawajui jambo hili.

Ukali huu juu ya maji una sababu kubwa zaidi Unguja kuliko katika nchi nyingi. Kisiwa chetu kwa sehemu kubwa kimekaa juu ya mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe, na maji tunayoyatumia hutoka chini ya mawe hayo, kwa visima na chemchemi. Asiyeamini atazame ndani ya birika lake aone ukoko mweupe ulioganda. Maji hayo ni magumu na huelekea upande wa alkali. Kwa samaki wadogo kama gapi na moli, ambao hustawi katika maji magumu, hiyo ni neema. Kwa tangi lenye amonia ni hatari. Amonia inayotoka katika matamvua ya samaki, katika kinyesi na katika chakula kilichobaki, hukaa majini kwa sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine yenye madhara madogo, na kinachoamua kiasi cha kila sura ni alkali na joto. Katika maji yenye pH (kipimo cha alkali) ya 7 na joto la nyuzi 28, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1 ya amonia yote. pH ikipanda hadi 8 kwa joto hilohilo, sehemu hiyo huwa asilimia 6 hadi 7. Kwa hiyo kiasi kilekile cha amonia ambacho samaki wa nchi yenye maji laini na baridi huvumilia, hapa kinaweza kuunguza matamvua kwa siku moja. Maelezo mengi ya ufugaji tunayoyasoma yameandikwa na watu wa huko, na Maalim ndiye muuzaji wa kwanza niliyemsikia akimsomea mteja amonia na pH pamoja, kana kwamba ni nambari moja.

Nilimpelekea maji yangu baada ya samaki wangu wa dhahabu kuanza kukaa juu ya maji wakivuta pumzi kwa mdomo, mapezi wameyabana mwilini, na mmoja akijisugua katika mawe ya chini. Dalili hizo tatu mtu yeyote angesema ni vimelea, na dukani kwingine ningeuziwa dawa ya vimelea. Kipimo cha amonia kikatoka kijani, na cha nitriti kikawa zambarau iliyoiva. Swali lililofuata lilikuwa kama umeme ulikatika nyumbani, nami nikamjibu kwamba ulikatika usiku kucha na chujio likasimama. Hapo shauri likawa wazi: bakteria wanaoishi katika sponji ya chujio, ambao huigeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati, wanahitaji maji yenye oksijeni yanayopita bila kusita, na yakisimama kwa saa nyingi wengi wao hufa. Aliniuzia chupa ya kuondoa klorini katika maji ya mfereji, akanielekeza kubadilisha theluthi ya maji kila siku, kupunguza chakula hadi kiasi kidogo mno, na kutia chumvi kidogo, kwa sababu kloridi iliyomo katika chumvi huizuia nitriti isiingie katika damu ya samaki kupitia matamvua. Dawa ya vimelea alikataa kuniuzia. Samaki walipona wote.

Habari ya umeme si jambo dogo kwa mfugaji wa hapa. Umeme wa Unguja huja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara, na watu hawajasahau mwaka 2008, tulipokaa giza karibu mwezi mzima, wala miezi ya Disemba 2009 hadi Machi 2010. Katizo la siku hizi ni fupi, lakini tangi lililojaa samaki halihitaji katizo refu. Maji ya nyuzi 30 hubeba oksijeni kiasi cha miligramu 7.5 tu kwa lita, ilhali ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9, na samaki katika joto huhitaji pumzi zaidi wakati ambapo maji yana kidogo. Duka linauza pampu ndogo za betri ambazo hujiwasha zenyewe umeme unapokatika. Zina kelele na bomba lake la hewa ni jembamba mno, ila kwa bei yake sioni sababu ya kutokuwa nayo.

Uchunguzi wa samaki mwenyewe ndio sehemu niliyoifurahia kuliko zote. Maalim humtia samaki katika mtungi mpana wa kioo, akausogeza dirishani, akakaa kimya akimtazama. Huanza na pumzi: je, kifuniko cha shavu kinafunguka na kufunga kwa haraka kuliko kawaida, na je, kinafanya kazi upande mmoja tu? Kisha mapezi, kama yameliwa ncha na yana ukingo mweupe au mwekundu. Kisha magamba akiyatazama kutoka juu, kwa sababu samaki aliyejaa maji mwilini huonekana mapema zaidi kutoka juu kuliko kutoka ubavuni: magamba huanza kusimama. Kisha kinyesi, kama ni cheupe na kinaning'inia kama uzi. Mwisho hufunga dirisha na kummulika samaki kwa tochi kwa upande. Hapo ndipo huonekana ule ungaunga wa rangi ya dhahabu unaosababishwa na kimelea kiitwacho Piscinoodinium, ambao kwa mwanga wa kawaida hupita bila kuonwa mpaka samaki amekwisha. Samaki wetu wa asili wa Unguja, Nothobranchius guentheri, anayeishi katika madimbwi ya mvua yanayokauka, na ambaye wafugaji wa Ulaya wanamjua kuliko sisi, ni wa jamii inayosumbuliwa sana na ugonjwa huu tangini. Dukani hapo hajawahi kuuzwa, na nilipouliza niliambiwa kwamba wateja wanataka cha kigeni.

Siku moja alikuja mama akiwa na hofu kwamba samaki wake mkubwa wa dhahabu ana madoa meupe. Madoa yalikuwapo kweli, lakini yalikuwa yamejipanga juu ya vifuniko vya mashavu na katika mwanzo wa mapezi ya mbele tu, na hapakuwa na hata doa moja mkiani wala mgongoni. "Huyu haumwi, mama, huyu ni dume na anataka kuoa," Maalim alimwambia, na mama akaondoka bila kununua kitu. Ni kweli kwamba dume la samaki wa dhahabu hutoa vipele hivyo anapokuwa tayari kuzaliana, na kumtia dawa samaki wa namna hiyo ni kumtesa bure. Muuzaji anayeacha kuuza dawa kwa mteja aliyekuja na pesa mkononi anastahili kusemwa vizuri.

Madoa meupe ya kweli, yanayoletwa na kimelea Ichthyophthirius multifiliis, ndiyo ugonjwa unaoleta wateja wengi zaidi, hasa wakati wa kipupwe, usiku unapopoa na joto la maji likashuka ghafla. Hapa naona maelezo ya duka ni sahihi na yana faida kuliko dawa yenyewe. Kile kidoa unachokiona ni kimelea kilichojificha chini ya ngozi ya samaki, na hapo dawa haikifikii. Kikishiba hutoka, huzama chini ya tangi, hujifunika kwa utando, na ndani yake hujigawa kuwa mamia ya vimelea vichanga. Vichanga hivyo hutoka kuogelea vikitafuta samaki, na visipompata ndani ya siku mbili hivi hufa. Ni katika muda huo mfupi tu wa kuogelea ambapo dawa au chumvi huviua. Katika maji yetu ya nyuzi 27 au 28, mzunguko wote huchukua chini ya wiki moja. Katika maji baridi ya nyuzi 10 unaweza kuzidi mwezi. Joto letu basi linatusaidia, maana vimelea vyote hupita upesi katika hatua ya kufa, lakini pia hutudanganya, kwa kuwa madoa hutoweka baada ya siku chache, mfugaji akaacha dawa, na kizazi kipya kikarudi kwa wingi zaidi. Agizo la Maalim ni kuendelea kwa wiki nzima baada ya doa la mwisho kutoweka. Aidha huwaonya wateja kwamba vimelea huweza kuwa katika matamvua peke yake, ambapo hakuna doa la kuonekana isipokuwa pumzi ya haraka.

Kwa ugonjwa huo duka huuza vifuko vya chumvi ya mawe kutoka Pemba, vilivyopimwa gramu 100 kila kimoja, na hiki ndicho kitu bora ninachoweza kumshauri mtu kununua hapo. Kifuko kimoja katika lita 50 hutoa gramu 2 kwa lita, kiwango ambacho samaki wa dhahabu, gapi na moli hukivumilia bila shida, kikitiwa kidogokidogo kwa muda wa siku nzima badala ya mara moja. Karatasi iliyomo katika kifuko inaeleza jambo ambalo wengi hawalijui: chumvi haipandi hewani pamoja na mvuke, hivyo maji yaliyopungua kwa joto huongezwa maji matupu, na chumvi hurudishwa tu kulingana na maji yaliyotolewa. Karatasi hiyo haisemi kwamba majani mengi ya tangini hayapendi chumvi, wala kwamba kambale wadogo wasio na magamba wahitaji kiwango pungufu. Ingefaa iongezwe mistari hiyo.

Kabla ya kuuza chochote cha kutia majini, duka humtaka mteja ajue ujazo wa tangi lake, na wasiojua hufundishwa hapo hapo: urefu kwa upana kwa kimo kwa sentimita, ugawe kwa 1,000. Tangi la 60 kwa 30 kwa 35 ni lita 63, lakini ukitoa mchanga, mawe na nafasi iliyoachwa juu, maji yenyewe ni karibu lita 50, na dawa hupimwa kwa hizo 50.

Sasa nije kwenye kasoro. Dawa za majimaji huuzwa katika vichupa vidogo vilivyokuwa vya dawa ya macho, vikiwa vimebandikwa kipande cha utepe mweupe kilichoandikwa herufi moja kwa kalamu. Kimoja kina maji ya kijani, kingine ya buluu iliyokoza, na cha tatu hakina rangi ila ukikifungua harufu yake huchoma pua, jambo linaloonyesha kuwa ni fomalini au kitu kilichochanganywa nayo. Hakuna jina la dawa, hakuna nguvu yake, hakuna tarehe ya mwisho wa matumizi. Hili sikubaliani nalo hata kidogo. Fomalini hupunguza oksijeni katika maji, na katika joto letu samaki anaweza kufa kwa kukosa pumzi huku mfugaji akidhani ameuawa na ugonjwa. Kwa mwanadamu nayo ni sumu, na kichupa cha dawa ya macho ni kitu ambacho mtu wa nyumbani anaweza kukitumia kwa macho kweli. Dawa ya kijani, ikiwa ni malakaiti, ile rangi ya kuulia vimelea na ukungu, kama ninavyodhani, huwa kali zaidi maji yakiwa moto, na haifai kabisa kukaribishwa kwa samaki wa kuliwa. Nilipomweleza Maalim alisema kwamba chupa kubwa zinazotoka Dar es Salaam ni ghali na wateja wake wanataka za bei ndogo. Jibu hilo linaeleza kwa nini anagawa dawa, lakini halielezi kwa nini asiandike jina lake. Mpaka atakapofanya hivyo, ushauri wangu ni kununua kwake chumvi na cha kuondoa klorini, na dawa nyingine umwombe akuuzie chupa iliyofungwa, hata kama utaingoja.

Kwa upande mwingine, tetrasaiklini haiuzi, na katika hili anastahili sifa, kwa maana hapa mjini ni desturi ya wengi kufungua vidonge vya rangi mbili kutoka duka la dawa na kumwaga unga wake tangini kila samaki anapoonekana mnyonge. Dawa hiyo hushikana na kalsiamu na magneziamu, na katika maji magumu kama yetu sehemu kubwa yake hufungwa kabla ya kumfikia samaki. Matokeo yake ni maji ya rangi ya kahawia, samaki yuleyule mgonjwa, na bakteria waliozoeshwa dawa ambayo mwanadamu bado anaihitaji.

Palipo na pamba nyeupe mwilini mwa samaki, uhodari wa duka hupungua. Maalim huiita yote ukungu, na ukungu wa kweli, Saprolegnia, upo, hasa juu ya kidonda. Lakini upo pia ugonjwa wa bakteria Flavobacterium columnare, ambao huanza kama utando wa kijivu mdomoni au juu ya mgongo mbele ya pezi, na ambao katika joto la nyuzi 28 huweza kuua ndani ya siku mbili. Tofauti yake kwa macho ni ndogo: pamba ya ukungu ina nyuzi ndefu zinazopepea majini, na ile ya bakteria ni fupi, imelala, na mara nyingi ina ukingo wa manjano au mwekundu. Nilimwona akimshauri mteja apandishe joto la maji kwa samaki ambaye mdomo wake, kwa nilivyomwona mimi, ulikuwa na huu wa pili. Joto husaidia kwa madoa meupe. Kwa bakteria hawa huongeza kasi ya kifo. Bila darubini hakuna anayeweza kuwa na uhakika, na sitegemei duka la mtaani liwe nayo, ila pasipo uhakika ni afadhali kuliacha joto lilivyo, kuongeza hewa na kumtenga mgonjwa.

Kasoro ya mwisho ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu kuiondoa hakugharimu pesa. Samaki wapya hufika kwa boti kutoka Dar es Salaam wakiwa katika mifuko ya oksijeni, wamechoka, na saa hiyohiyo humiminwa katika matangi ya kuuzia pamoja na wenzao. Wavu mmoja wa kijani hutumika kwa matangi yote. Nimeuona ukitolewa katika tangi lenye samaki wenye mapezi yaliyoliwa, ukakung'utwa mara moja, ukaingizwa katika tangi la gapi. Mtu anayewaeleza wateja mzunguko wa kimelea kwa ufasaha namna ile anajua maana ya tone moja la maji. Nyavu za ziada na ndoo ya maji ya chumvi kali ya kuzichovyea zingetosha kuanzia. Anayenunua samaki hapo, basi, amweke peke yake wiki mbili hadi nne katika beseni kubwa lenye sponji ya hewa kabla ya kumchanganya, na asiyatie maji ya mfuko katika tangi lake.

Kuhusu samaki wa dhahabu wenye mwili wa mviringo wanaogeuka tumbo juu, ushauri unaotolewa ni ule wa kawaida wa kuwaacha bila chakula siku moja au mbili na kisha kuwapa njegere iliyochemshwa na kumenywa, nao husaidia pale tatizo ni tumbo. Kwa samaki ambaye magamba yamekwisha kusimama mwili mzima, Maalim husema wazi kwamba figo zimeshindwa na matumaini ni madogo. Hapo huwapa wateja kitu ambacho sikutarajia, nacho ni mafuta safi ya karafuu ya Pemba. Eujenoli iliyomo katika mafuta hayo humlaza samaki usingizi, na kiasi kikiwa kikubwa haamki tena. Kiwango anachoelekeza ni mililita 0.4 kwa lita. Mafuta hutikiswa kwanza katika kichupa cha maji ya uvuguvugu mpaka yawe meupe, kwa kuwa hayachanganyiki yenyewe, kisha humiminwa polepole katika bakuli alimo samaki. Na baada ya matamvua kusimama huachwa humo angalau dakika 10 zaidi. Ni njia yenye huruma kuliko kumtupa samaki nje akitapatapa. Mafuta yanayouzwa kwa watalii mara nyingine huwa yamechanganywa na mafuta mengine, kwa hiyo ni vyema kuyanunua yale ambayo muuzaji ana hakika nayo.

Msaidizi wa duka huingiza mkono tangini akiwa na kidonda kidoleni bila kujali. Bakteria Mycobacterium marinum, anayewakondesha samaki polepole na kuwapinda mgongo, huweza kuingia kwa mwanadamu kupitia mchubuko na kuleta vipele vigumu visivyopona kwa wiki nyingi. Mwenye kipele cha namna hiyo akienda spitali amwambie daktari kwamba anafuga samaki, kwani bila kuambiwa hatafikiria upande huo.

Kupima maji ni shilingi 3,000, na ukinunua kitu hutozwi. Kumwita Maalim nyumbani ni shilingi 15,000 kwa mjini, na nje ya mji mtaelewana. Huja na vipimo vyake, na kwa tangi kubwa ni nafuu kuliko kubeba maji. Wenye matangi ya maji ya bahari wasijisumbue, kwani madoa meupe ya baharini yana kimelea kingine na tiba nyingine, na mwenyewe husema kwamba si fani yake. Unapokwenda chukua chupa ya maji yaliyochotwa siku hiyohiyo, vipimo vya tangi kwa sentimita, idadi ya samaki, na picha ya video ya mgonjwa akiogelea, maana samaki aliyesafiri kwa daladala ndani ya mfuko hubadili rangi na pumzi, na dalili zake za kweli hazionekani. Jumamosi duka hujaa watoto na Maalim hana nafasi ya kumtazama samaki kwa utulivu. Siku za kati ya wiki, baada ya sala ya alasiri, ndio wakati mzuri, kwani jua huingia dirishani na rangi za kipimo husomeka vizuri.